Laki Tatu kwa Mkupuo

Dalali alizunguka nyumba yote, akahesabu milango ya vyumba kwa kidole, akagonga ukuta kusikiliza kama ni tofali za saruji au za udongo. Kisha akasimama mlangoni, akauliza:

"Na hawa wanaolala barazani, wanakuja na nyumba?"

Mnunuzi alicheka. Kijana wa mwenye nyumba naye akacheka, kicheko kile cha kumridhisha mgeni. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, nikimsubiri Fundi amalize herufi za mwisho za bango la saluni. Fundi hakucheka wala hakugeuka. Aliendelea kuvuta brashi kwenye mkunjo wa S, maana rangi ya mafuta haisubiri mtu amalize kukasirika.

Nyumba iko Mirongo, jijini Mwanza, ndani kidogo kutoka barabarani, ya aina ambayo wasomaji wangu wengi wamezaliwa au wamepanga ndani yake: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo na bomba lenye kufuli, mbele baraza la saruji. Fundi ana chumba cha kwanza kushoto. Humo mna kitanda, makopo ya rangi, mbao zinazosubiri wenyewe waje na salio, na harufu ya thina ambayo nadhani haitatoka hata nyumba ikibomolewa. Barazani hulala Mjomba. Siku nyingine huwa na wenzake wawili watatu, wanaofika mama ntilie wa pale akishazima jiko na wanaoondoka kabla hajaliwasha.

Mjomba si mjomba wa mtu yeyote hapo mtaani.

Wageni walipoondoka hakuna aliyelizungumzia lile swali. Mimi nikaondoka nalo. Mwanzoni nilikasirika kwa niaba ya watu ambao hawakunituma. Wiki zilivyozidi kwenda, hasira ikaisha na swali likabaki. Dalali, pamoja na ukorofi wake, alikuwa ameona kitu: mtu anayeishi kwa kuchora na mtu asiye na pa kuishi wanatumia mlango mmoja, na hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Kitu gani kimewakutanisha?

## Urahisi hauoti wenyewe

Wazee wakizungumza Mwanza ya zamani hupenda kusema mji ulikuwa rahisi. Hawasemi nani aliurahisisha.

Reli ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, pamba ikapata njia ya kutokea, na mji ukajaa watu wa kuja na kuondoka. Lakini kodi ya katikati ya mji ilikuja kushushwa kwa sheria. Mwaka 1971 ilipitishwa Sheria ya Utwaaji Majengo: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Nyumba. Wengi waliopoteza walikuwa familia za Kiasia, na wengi wao waliondoka nchini. Kipindi tunachokikumbuka kwa upendo, wao hawakikumbuki hivyo. Lakini kwa aliyekuwa anatafuta chumba, matokeo yake ni kwamba mtu wa mshahara mdogo aliweza kukaa mjini kati, karibu na soko, kwa kodi isiyofuata soko. Mwaka 1990 nyumba za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, na hadithi hiyo ikaanza kufungwa taratibu.

Waliobaki nje ya mpango huo walipanda juu. Mwanza kodi hushuka kadiri unavyopanda (Capri Point na Isamilo hazihusiki, zile ni nchi nyingine). Mabatini na Igogo watu wamejenga kati ya mawe, gari halifiki, maji yanabebwa kichwani, na kila ngazi ya jiwe ni punguzo la kodi. Anayeshindwa hata huko hushuka tena, akalala palepale alipomalizia kibarua.

Makoroboi ndipo mchanganyiko huu ulipoonekana waziwazi zaidi. Mafundi wakikata makopo kutengeneza taa, wachuuzi, waandika mabango, wabeba mizigo, watoto wasio na kwao, wote chini ya miamba, jirani na hekalu la Wahindu. Agizo la kuwahamisha machinga lilipotekelezwa nchi nzima mwishoni mwa 2021, kilichojadiliwa kilikuwa meza na vibanda: nani ahamie wapi, nani amepewa eneo lisilo na wateja. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza meza zile usiku zilikuwa vitanda vya nani.

## Mji mwingine wa ziwa na reli

Katika kulizungusha swali hilo nilijikuta nasoma habari za Chicago ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1923 Nels Anderson, mwanasosholojia ambaye mwenyewe aliwahi kudandia treni za mizigo na kufanya vibarua kabla ya kufika chuo kikuu, alichapisha utafiti juu ya wanaume wasio na makazi mjini humo. Alikadiria kuwa walikuwa 30,000 nyakati nzuri na 75,000 nyakati ngumu, na kwamba kati ya 300,000 na 500,000 walipita mjini kila mwaka. Wengi hawakuwa ombaomba. Walivuna ngano, walitandika reli, walikata magogo, walipasua barafu ya kuuza. Kazi ikiisha walirudi Chicago kwa sababu reli zilikutana hapo, na ofisi za kutafutia vibarua zilikuwa hapo, Mtaa wa West Madison. Walilala kwenye nyumba za vitanda vya senti chache kwa usiku, vijichumba vilivyotengwa kwa mbao, juu vimefunikwa wavu wa banda la kuku ili jirani asiruke kuiba viatu.

Ng'ambo ya mto, kuzunguka mnara wa maji ulionusurika moto mkubwa wa 1871, palikuwa na Towertown. Matajiri walikuwa wamehama, majumba yao yamekatwakatwa vyumba vya kupangisha, mabanda ya farasi yamegeuzwa studio. Wachoraji na washairi wakaingia. Jack Jones, mtu wa harakati za wafanyakazi, alifungua klabu kwenye kichochoro, ikaitwa Dil Pickle, na mlangoni pakaandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: inua mguu, inama, heshima yako iache nje. Humo profesa alitoa mhadhara na kibarua wa kudandia treni akasimama kumpinga. Hatua chache kutoka hapo, mbele ya maktaba ya Newberry, palikuwa na bustani ambapo yeyote alipanda juu ya sanduku akahutubia mpaka watu wachoke; wenyeji waliiita Bughouse Square. Ben Reitman, daktari aliyewatibu watu wa barabarani, aliwaendeshea hata chuo chao, na wakati wa baridi walikaa humo wakisikiliza mambo ya sheria, afya na falsafa.

Naipenda picha hii. Naipenda kiasi cha kuitilia shaka.

Harvey Zorbaugh, aliyeandika juu ya eneo hilohilo mwaka 1929, alikwishauona mwisho wake. Daraja la Michigan Avenue lilikuwa limefunguliwa mwaka 1920, maduka ya fahari yakavuka mto, kodi zikapanda, wasanii wakaanza kufunga virago. Watu wenye pesa walikuja jioni kuwatazama waliosalia, na kuwatazama wasanii nako kukawa biashara. Niliposoma hapo nilimkumbuka mnunuzi wetu. Kabla ya kuondoka alikuwa ameupiga picha ukuta wa uani ambao Fundi huutumia kujaribia herufi na rangi, ukuta mzima umejaa vipande vya majina ya maduka na boti zisizojulikana. Alisema ukuta huo asingeubomoa. Ungefaa kwenye mgahawa.

Ukuta ubaki, mchoraji aondoke.

Daraja letu la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, reli ya kisasa inajengwa kuja huku, na madalali wa Mwanza wanasoma magazeti.

Lakini sentensi ya Zorbaugh iliyonisimamisha haikuhusu wasanii. Alisema kwamba katika eneo lile la vyumba vya kupanga, wakazi wote walibadilika kila baada ya miezi minne hivi. Niliirudia nikacheka peke yangu. Mpangaji wa namna hiyo, angekuwa Mwanza, angehama kabla kodi aliyotanguliza haijaisha.

## Mbalamwezi

Dagaa huvuliwa gizani. Taa huwekwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi sola, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu inawazingira. Mwezi ukikua, ziwa zima linapata taa moja isiyo na mwenyewe na kazi inasimama. Siku hizo vijana wa makambini, kutoka Ukara, Kome na visiwa vingine, hupanda boti kuja mjini na mgao wao mfukoni. Wana pesa, hawana kwao. Gesti za Kirumba zinajaa, baa zinapiga muziki mpaka majogoo, na kuna wanaomaliza pesa kabla mwezi haujaisha.

Hao ndio watu wa West Madison kwetu sisi. Wenzao walifuata ngano, hawa wanafuata giza.

Mjomba alianza hivyo. "Pesa iliisha, boti ikaondoka, mimi nikabaki," ndivyo anavyoeleza, na ukimsukuma zaidi anakuuliza kama una sigara. Sasa hivi anabeba magunia Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Mgongo wake unajua uzito wa gunia la dagaa kuliko mizani ya mnunuzi, na hilo si majigambo. Nimewaona wachuuzi wakimwomba alinyanyue kwanza kabla hawajakubali kilo walizotajiwa.

Fundi nilidhani ni mtu wa nchi kavu kabisa. Kumbe anaishi kwa kalenda hiyohiyo. Mbalamwezi ndipo boti zinapokaa ufukweni, zinazibwa nyufa na kupakwa rangi, na mwenye boti anataka jina: la mama yake, la timu, aya ya kitabu kitakatifu, onyo kwa majirani wenye kijicho. Tangu mashine za kuprinti mabango zienee mjini, kazi za maduka zimepungua; zimebaki boti, saluni chache na migongo ya bajaji. Kwa hiyo Fundi hupata pesa siku za mwezi mkubwa, wakati Mwaloni hakuna magunia. Giza likirudi, magunia yanarudi, Mjomba anashika pesa na Fundi anakaa na brashi kavu.

Wanakopeshana. Nimekaa pale mara nyingi nikiona noti ya elfu tano ikivuka mlango kwenda nje, na baada ya siku kadhaa ikivuka kurudi ndani. Mapato yao yanapishana, na mlango uko katikati.

Kwa Usukuma hili la msanii kuwa mtu wa njiani wala si la kuazima Marekani. Baada ya mavuno vikundi vya Bagika na Bagalu vilikwenda kushindana ngoma mbali na nyumbani, na mwimbaji hodari alijulikana huko kuliko kwao. Hakuna aliyemwita mzururaji. Alipewa pa kulala, akala, akaimba kesho yake.

## Laki tatu mbili

Tuseme chumba ni elfu hamsini kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: laki tatu. Dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Halafu nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na yale maswali ya umeoa, unapika nini, wageni wako ni wa aina gani.

Tuseme gesti ya chini kabisa ni elfu kumi kwa usiku. Gesti haikuulizi mengi. Unaandika jina kwenye daftari la mapokezi, jina lolote, unapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Usiku thelathini wa gesti ni laki tatu.

Laki tatu ileile. Upande mmoja inakupa miezi sita, upande mwingine mmoja.

Mtu anayepata elfu kumi na tano siku nzuri na asipate kitu siku mbaya hashindwi na bei ya chumba. Ukikigawa chumba hicho kwa siku, ni kama shilingi elfu moja na mia saba, chini ya wali na maharage kwa mama ntilie wengi wa mjini. Kinachomshinda ni mkupuo. Kwa hiyo analipa ghali zaidi ili apate kidogo zaidi, au anajibanza kwenye geto la mwenzake, au anatandika boksi barazani na kusubiri.

Hapa ndipo Chicago iliponielea kuliko nilipokuwa nasoma habari za washairi. Bei ya chini peke yake isingeujaza mtaa ule. Kitanda cha Madison kiliuzwa kwa usiku, chumba cha Towertown kwa wiki. Malipo yalikwenda kwa mwendo wa mapato, na watu wenye mapato ya kurukaruka, awe mshairi aliyeuza shairi moja au mvunaji aliyemaliza shamba, wakajikuta kwenye ngazi zilezile za nyumba zilezile. Wala hawakuhitaji kupendana.

Sisi tunauziana sabuni kwa kipande, mafuta ya kula kwa kijiko, umeme wa elfu mbili, bando la saa moja. Nyumba peke yake ndiyo bado tunaiuza kwa jumla.

## Wasiokuwamo pichani

Nilidhani nimemaliza. Nikaanza kuwasimulia watu, na hapo ndipo mambo yakaanza kunipinda mkononi.

Mama ntilie alinisikiliza siku moja nikisifu uhuru wa baraza lile. Akageuza chapati, akanitazama.

"Uhuru wa nani, kaka? Mimi nikikosa kodi nalala wapi, hapo na Mjomba?"

Anderson aliandika juu ya wanaume. Picha yangu ya Mirongo nayo, nikiitazama vizuri, ina wanaume watupu. Mwanamke halali barazani. Wahudumu wa baa wanaotoka kazini saa tisa usiku, wasichana waliotoroka kazi za ndani, hubanana watano chumba kimoja huko juu kwenye mawe, au hukaa kwa mwanaume ambaye wasingekaa naye kama wangekuwa na pa kwenda. Mkupuo unawaumiza wao kuliko Mjomba, ila wao hawaonekani kutoka barabarani, na dalali asingewauliza kwa sababu asingewaona.

Halafu kuna watoto. Mtoto wa miaka kumi anayenusa gundi ili asisikie baridi hajachagua maisha ya msanii, na anayeandika juu ya mitaa ya namna hii bila kulisema hilo anauza urembo. Mji huu ulilijua mapema. Shirika la Kuleana lilikuwa hapa tangu miaka ya 1990 likipigania haki za watoto wa mitaani, wakati sehemu nyingi bado walikuwa wanaitwa kero tu. Kitanda cha bei ya siku moja hakitibu hilo. Mtoto hahitaji gesti.

Na kuna polisi. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi ina kifungu cha 176 na cha 177, vya wasio na kazi na wazururaji, vyenye ukoo na sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Mwaka 1983 tukaongeza ya kwetu, Sheria ya Nguvu Kazi, na waliokamatwa mijini bila ushahidi wa ajira wakasafirishwa kwenda kulima. Fundi husimulia kwamba mzee aliyemfundisha kuandika herufi alikamatwa kipindi hicho akiwa njiani kwenda kwenye kazi, ndoo ya rangi mkononi. Ndoo haikuwa kitambulisho. Mbele ya sheria ya namna ile, mchoraji na mtu wa barazani ni mtu mmoja, jambo ambalo hata Chicago yangu nzuri haikulisema waziwazi hivyo.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mahakama hiyo iko Arusha, safari ya basi la mchana kutoka stendi ya Nyegezi. Mjomba hajaisikia. Anachojua ni kukunja boksi lake kabla jua halijatoka.

## Daftari la mama

Nilimpelekea Fundi hadithi ya Towertown nikidhani itamfurahisha. Alisikiliza mpaka kwenye klabu na maandishi ya mlangoni, akauliza herufi zilikuwa za mtindo gani, nikakosa jibu. Kisha akatikisa kichwa.

"Unatupamba. Mimi na Mjomba hatujawahi kujadili falsafa. Tumejadili nani kamaliza maji."

"Sasa ni nini kinachowaweka pamoja?"

"Mama. Mama hakuwahi kudai miezi sita."

Mama ndiye mwenye nyumba, mjane, mtu wa Magu. Miaka yote alikaa chumba cha mwisho kulia na daftari la shule, kila mpangaji ana ukurasa wake. Elfu tano leo, elfu saba Jumamosi, wiki ya mbalamwezi elfu ishirini kwa pamoja. Ulimwamkia "mwangaluka, mayu", akakujibu salamu kwanza, halafu salio lako. Hakusamehe deni la mtu, nasisitiza hilo, asije mtu akadhani namwandika mtakatifu. Alikuwa na kumbukumbu kali na mdomo mkali zaidi. Ila alipokea pesa kwa ukubwa uleule uliokuja nao.

"Na Mjomba alikuwa na ukurasa," Fundi akasema.

"Wa kodi?"

"Wa kazi. Maji yakikatika anajaza mapipa. Anafagia mbele. Usiku yuko mlangoni, mwizi hapiti. Mama anaweka vyema."

Nikaomba kuliona daftari. Lilikuwa limeondoka na mama, aliyeugua na kwenda kukaa kwa binti yake Magu. Nyumba imebaki mikononi mwa kijana wake, yule aliyecheka na mnunuzi. Nilimfuata nikiwa nimeshampangia maneno. Akaniwahi.

"Kaka, daftari la mama ni zuri kusimulia. Mimi nikipokea elfu tano tano nazila. Nikipokea laki tatu, hospitali inalipwa. Niambie wewe, hospitali inapokea elfu tano tano?"

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Mkupuo hauanzi kwake. Naye kuna mahali anadaiwa kwa mkupuo, na anachofanya ni kuusukuma kwenye mlango unaofuata, mpaka ufike kwa mtu asiye na mlango.

## Siku 180

Mwaka 2014 Baraza la Jiji la Chicago lilipitisha sheria ya kulinda hoteli za vyumba vya bei ya chini zilizosalia. Mwenye hoteli anayetaka kuuza hutakiwa kwanza kutoa siku 180 za kumtafuta mnunuzi atakayewaachia watu wa kipato kidogo, la sivyo alipe ada. Ilikuja wakati West Madison imekwisha kugeuka. Majengo manne ya Presidential Towers yalikamilika pale mwaka 1986, na aliyevuna ngano hapangi humo.

Sidhani Mwanza inahitaji sheria ya aina hiyo kesho asubuhi. Nani ataisimamia kwenye nyumba zinazoendeshwa kwa daftari la shule? Ninachokiwazia ni kidogo zaidi. Halmashauri zetu zinajua sana kukusanya ushuru wa siku: meza moja, siku moja, risiti moja. Utaalamu huo upo. Kwa nini hakuna kitanda cha siku, safi, cha halali, chenye upande wa wanawake unaofungwa kwa ndani, karibu na Mwaloni, kwa bei ya mtu wa gunia? Kwa nini soko lipangiwe mgeni wa mchana na asipangiwe usiku? Ukiniambia gharama, nitakuuliza gharama ya stendi mpya tuliipata wapi.

Wakati huo nyumba ya Mirongo ikaingia kwenye mazungumzo. Mnunuzi aliitaka ikiwa tupu. Kijana akasita. Mama akapiga simu kutoka Magu kusema hajafa bado. Basi kwa sasa ni mkataba, na Fundi akaniomba niuandike kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta.

Niliandika kodi ya kila mwezi. Kijana akakata kwa kalamu, akaandika miezi sita. Fundi akakata, akarudisha mmoja. Waliishia mitatu, kwa sharti kwamba Fundi aipake rangi nyumba yote kwa nje na rangi anunue kijana. Fundi akasema ataiandika na namba ya nyumba bure, kwa herufi zenye kivuli.

Kifungu cha mwisho alikitoa Fundi mwenyewe: mpangaji anaruhusiwa mgeni mmoja kulala barazani.

"Mgeni gani huyo?" kijana akauliza.

"Si unamjua."

Kijana alikaa kimya kidogo, akaongeza kwa mkono wake: aondoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na mapipa ajaze. Mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri. Mjomba hakuwepo kusikia. Giza lilikuwa limeanza na Mwaloni kulikuwa na magunia ya kutosha.

Mnunuzi bado anapiga simu.